Sukari ya Mimba Ilivyonirudisha Kutembea

Ndugu zangu, naitwa Mama Rehema, mkulima wa alizeti hapa Ilongero. Zamani sikujua kuumwa. Nililima, nilichota maji, niliendesha baiskeli mpaka mnadani.

Kisha mimba mbili zikaharibika, moja baada ya nyingine. Nilipopata ya tatu, nyumba nzima iliingiwa na hofu. Mama mkwe alininyang'anya jembe.

"Mwanangu, safari hii kazi yako ni kula na kukaa."

Nilikubali, maana niliogopa kuliko yeye. Asubuhi uji wenye sukari nyingi, mchana ugali mkubwa na soda, eti iniongezee damu. Nilinenepa mpaka pete ikagoma kutoka. Mapaja yalichubuka kwa kusuguana. Kiu haikuisha, na mkojo kila saa.

Mwezi wa saba, muuguzi wa kliniki alinipima, akakunja uso.

"Mama, una sukari ya mimba. Unatembea?"

"Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na nyumba nzima."

Hakucheka. Alinituma hospitali ya mjini. Daktari akasema naweza kutembea bila shida, nipunguze ugali, niache soda kabisa. Nilijitahidi, ila nilikuwa nimechelewa. Rehema alizaliwa kwa upasuaji, kilo nne na nusu. Sukari yake ikashuka ghafla, akalazwa chumba cha watoto wachanga. Siku mbili nilimwangalia kupitia kioo, maziwa yakinilowesha gauni.

Nyumbani nilirudi na kilo tisini na nne. Mama mkwe alikuwa ameshapika supu inayoelea mafuta.

"Mama, nisamehe," nikamwambia. "Daktari amesema sukari inaweza kurudi, isiondoke tena. Nataka nimlee huyu mtoto."

Aliirudisha sufuria jikoni. Kesho yake supu ilikuja imeenguliwa mafuta.

Baada ya wiki sita daktari aliukagua mshono, akaniruhusu kutembea. Siku ya kwanza sikufika hata kisimani. Mshono ulivuta, magoti yaliuma, nikakaa njiani nikalia. Kesho yake nikatoka tena. Mama mkwe alibaki na mtoto, nikirudi nanyonyesha.

Nilipoanza kupungua, maneno yakaanza. Jirani akamuuliza mama mkwe, "Mkweo anakonda, ana nini?"

"Ana miguu," akamjibu. "Njoo kesho utembee naye."

Rehema alipotimiza mwaka, nilipima sukari, ikawa ya kawaida. Nilikuwa na kilo sabini na mbili. Sikurudi kama nilivyokuwa msichana, wala sijali. Naweza kupalilia tangu asubuhi bila kuhema.

Namshukuru Mungu. Namshukuru muuguzi aliyeniuliza swali lile, na mama mkwe aliyekubali kubadilika kwa ajili yangu. Wewe mjamzito mwenye hofu kama yangu, usiige tu. Muulize muuguzi wako. Akikuruhusu, tembea. Ukinyonyesha, usijinyime chakula. Na ukishajifungua, rudi ukapime sukari, hata kama hujisikii vibaya. Mimi bado naenda kila mwaka, na Rehema hunisindikiza kwa miguu yake mwenyewe.