Yule Aliyenifukuza Uriri Ndiye Anayenirudisha

Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina langu, na kabila langu pia liache, maana kisa hiki kingeweza kumpata mtu wa kabila lolote. Nina miaka sabini na tatu. Naishi nyumba ya kupanga katika mji mdogo karibu na mpaka wa Tanzania, pamoja na mke wangu ambaye tumezeeka naye. Hapa si kwetu. Kwetu ni Uriri, ingawa wapo watakaobisha. Baba yangu alipewa shamba pale na ukoo uliompenda, kabla sijazaliwa. Kwa Kijaluo mtu kama sisi huitwa jadak, na wakiwa wengi jodak: mgeni aliyekaribishwa. Analima, anajenga, hata anaoa, lakini ardhi hubaki ya waliomkaribisha. Mke wangu ni binti wa ukoo huo.

Nilikuwa na rafiki fundi cherehani, nitamwita Ouma. Kila siku ya soko nilikaa kwenye baraza yake nikasoma gazeti kwa sauti, nikitafsiri kwa Kijaluo. "Jagazeti," alinitania, "leo serikali imetupikia nini?" Watu walijaa. Nilipenda jinsi walivyonyamaza nilipofungua ukurasa, na sioni haya kulisema.

Ikaja ile miaka ya tisini. Unga ulipanda bei. Wanunuzi wa tumbaku walirudisha mizigo wakidai majani ni mabaya. Makarani walipunguzwa kazini. Watu waliniuliza kwa nini, nami nikawaeleza kuhusu thamani ya shilingi, madeni ya nchi na masharti ya wakopeshaji wa ng'ambo. Walitikisa vichwa kwa adabu. Siku moja Ouma akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani, "Omera, ndugu yangu, hayo yako mbali. Mimi natazama karibu. Nani ana duka pale kona? Nani analima kando ya mto? Si jodak?"

Baraza ilinyamaza kwa namna ambayo haikuwahi kuninyamazia mimi.

Kulikuwa na chama kidogo chenye makao Homa Bay, kilichokuwa kikitafuta kura kwa hasira. Kilimchukua Ouma akawa msemaji wake. Wimbo wao ulikuwa mfupi: "Jodak, doguru dala," yaani wageni, rudini kwenu. Nilikuwa nimesoma kwamba vyama vya aina hiyo hufuatwa na wenye njaa. Nilisimama pembeni ya mikutano nikaona si hivyo tu. Karani aliyeachishwa kazi alikuwa na chakula. Alichokosa ni kuitwa bwana. Vijana waliorudi mikono mitupu kutoka migodi ya Osiri walitaka kazi, wakapewa fulana na fimbo. Mkulima wa tumbaku alitaka mtu wa kulaumu anayefikika kwa miguu, kwa sababu mnunuzi hakufikika. Mwenye malori, tajiri kuliko wote, alitoa mafuta ya magari ili hasira ile ipite mlangoni pake bila kubisha hodi. Kila mmoja alileta kitambaa chake, Ouma akavishona vyote vikawa vazi moja. Mimi na vitabu vyangu sikuwahi kuunganisha hata watu wawili.

Na mke wangu alikuwa akienda kwenye mikutano hiyo. Aliwapelekea uji.

"Wanataka kunifukuza mimi, mumeo," nilimwambia.

"Wewe hawakutaji. Wanasema jodak wengine."

"Sasa unafuata nini huko?"

Aliendelea kupepeta mtama. "Ouma akiniona ananiuliza kama watoto wamekula. Wewe ukikunja gazeti unaniuliza kama nimeelewa, Baba Atieno."

Wasomaji, hakukuwa na mapenzi kati yao. Nilichunguza, na naamini hivyo. Lakini wivu hauhitaji mapenzi. Nilimsikia akicheka katika umati wa Ouma kicheko ambacho nyumbani kilikuwa kimepotea, na kicheko hicho kiliniuma kuliko wimbo wa kunifukuza.

Kisha siku moja nilirudi kutoka Homa Bay nikakuta osuri haipo juu ya nyumba yangu. Osuri ni mti uliochongoka unaosimama kileleni mwa paa la nyasi, nao huondolewa mwenye nyumba akifa. Hawakuchoma kitu. Hawakunigusa. Mke wangu alikuwa uani akifunga nguo za watoto huku akilia.

"Ouma amepanda mwenyewe," alisema. "Watu walimpigia makofi."

Tuliondoka jioni ile ile.

Sasa mwezi uliopita shemeji yangu alipiga simu. Ouma ni mzee anayeheshimiwa. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo akaomba jirani yake arudishiwe shamba, akasema kwamba siku zile walikosea. Wazee wamekubali. "Shemeji, ungekuwepo," aliniambia. "Watu walilia. Wanasema moyo kama wa yule mzee haupatikani tena."

Mke wangu ameshafunga mizigo. Anataka kuwahi mvua ili apande mahindi, na amesema wazi kwamba atakwenda hata nisipokwenda. Mimi nimekaa kitini nikiwaza kwamba aliponifukuza alipigiwa makofi, na anaponirudisha analiliwa kama mtakatifu. Nikirudi nitakuwa mgeni aliyekaribishwa tena, safari hii na yeye. Nisiporudi nitakufa katika chumba cha kupanga bila mtu wa kunitengea chai.

Jana mke wangu alikaa karibu nami. "Mzee, unaogopa watakuchukia tena?"

"Hapana."

"Unaogopa nini?"

Nilimwambia ukweli. "Naogopa nitawakuta bado wanampenda."

Hakunicheka. Alisema tu kwamba gari linaondoka Jumatatu, na kwamba nafasi yangu ameishika. Ninyi mlio na ndoa ndefu, na ninyi mnaojua kuishi karibu na mtu anayependwa kuliko ninyi, nisaidieni mawazo kabla ya siku hiyo: nipande naye, au nimwache aende?