Bonde la Barafu

Nililipenda lile gemu kwa sababu halikuniambia chochote. Wewe ni mnyama mdogo kama nguchiro, una njaa, unaruka toka ukingo hadi ukingo kwenye magofu, na mvua ikikukuta nje ya pango unakufa. Maelekezo hakuna. Chuoni nilikuwa nawachosha wahadhiri kwa kuuliza wamejuaje. Hapa nilipata kitu ambacho hakikutaka niamini, kilitaka nijaribu.

Likizo iliyopita nilicheza nyumbani Tukuyu na mdogo wangu wa kike, tukipokezana laptopu yangu. Mvua tuliishinda. Ndipo tukapakua nyongeza ya gemu, ikatuletea bonde la barafu, ambako mnyama anaganda kabla hajafika katikati. Siku nyingi tulikufia palepale. Jumapili ilipofika, ilibaki mchana mmoja tu: kesho yake mdogo wangu anarudi bweni, ambako kompyuta ya kuchezea hakuna, na hakutaka kuondoka bila kuona ng'ambo ya bonde.

"Msomi, umekwama," aliniambia mnyama alipoganda tena.

"Sijakwama. Nachunguza."

"Basi kachunguze na ndizi zangu za safari. Mama kasema zitolewe."

Nyuma ya jiko tuna shimo la kuvundikia ndizi. Nikafukua udongo na majani makavu, nikaingiza mkono. Nje manyunyu na baridi yetu ya kila siku. Mle ndani joto kama la kwapani. Nimetoa ndizi mle tangu utotoni, na mimi mwenye maswali sikuwahi kujiuliza joto lile linatoka wapi. Nikayakumbuka marundo ya majani yaliyooza kule bondeni, tuliyokuwa tukiyaruka tukidhani ni mapambo tu. Nikakimbia ndani.

"Ndizi ziko wapi?"

"Mwingize kwenye rundo."

"Rundo lipi?"

"La majani. Mfukie kabisa."

Akamfukia. Weupe wa barafu uliokuwa umemfika mnyama shingoni ukasita, kisha ukaanza kushuka. Mdogo wangu alinipiga teke chini ya meza. Akamrusha hadi rundo la pili, akateleza, akadaka ukingo kwa kucha, akafika la tatu. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Kisha theluji ikaisha, na mbele yetu pakatokea msitu wa kijani ambao hatukuwahi kuuona.

"Nani kaacha shimo wazi linanyeshewa?" mama aliuliza kutoka uani.

"Msomi," mdogo wangu alijibu, macho kwenye kioo. "Alikuwa anachunguza."