Beseni la Shija

Harufu ya magunzi yakiungua bado hunirudisha Mazwi, mtaa wetu pale Sumbawanga, uani kwetu, mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikiwa imetupasua midomo na visigino. Mahindi yalikuwa yameshaletwa kutoka shambani na kurundikwa kwenye turubai mpaka yakaziba dirisha la jiko, na shule zilikuwa zimefungwa. Kila mtoto aliyeingia uani, wa kwetu au wa jirani, mama alimkabidhi beseni la kupukuchua. Hakuna kucheza mpaka beseni lijae, na mama hakuwa mtu wa kubembelezwa. Vidole gumba vilituuma hata kumega ugali ikawa kazi. Wakati ule nililalamika sana. Siku hizi navitamani hata vile vidole vyenye malengelenge.

Tulichokuwa tukikikimbilia ni ubao. Baba alikuwa mwalimu wa sekondari, na mwalimu mwenzake wa kigeni aliyemaliza muda wake alimwachia mchezo mmoja wa ajabu, ramani ya Ulaya ya zamani yenye madola yanayonyang'anyana miji. Haukuwa na dadu wala bahati. Kilichokupa ushindi ni mdomo wako. Kabla ya kila zamu tulitoka wawili wawili, wengine nyuma ya kihenge, wengine kwenye banda la kuku, tukanong'onezana na kuahidiana kusaidiana. Kisha kila mmoja aliandika amri zake kwa siri kwenye kipande cha karatasi ya daftari na kukisukuma chini ya bakuli. Bakuli likifunuliwa, amri zote zilisomwa kwa pamoja, na hapo ndipo ulipojua nani alikuwa upande wako na nani alikuwa anakuzunguka.

Majina ya kule yalitushinda, kwa hiyo baba aliyabandika karatasi zenye majina ya kwetu. Kisiwa cha Waingereza kikawa Kirando, kwa kuwa Kirando yenyewe iko kando ya ziwa, na nchi ya katikati iliyozungukwa na maadui ikawa Mazwi. Vipande vya mbao vilikuwa vimepotea siku nyingi, basi punje ya hindi ikawa jeshi na punje ya harage ikawa meli. Kuku walitumalizia majeshi mara kadhaa, na vita ikaanza upya.

Wachezaji tulikuwa wanne. Mimi Adelina nilishika Mazwi. Binamu yangu Prosper, aliyekuwa akiishi kwetu, na Yustina wa nyumba ya pili waligawana nchi zilizobaki. Wa nne alikuwa Shija, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Familia yake ilikuwa imekuja na ng'ombe kutoka Usukuma, ikapanga nyumba mtaa wa Milanzi wakati baba yake akitafuta malisho. Shija hakukubali kushika nchi nyingine isipokuwa Kirando. Ziwa lile hakuwahi kuliona. Mimi nililiona mara moja, nilipomfuata mama kununua dagaa, na Shija alinifanya nimsimulie safari ile mpaka nikaichoka: dagaa walivyoanikwa, mitumbwi ilivyopangana, maji yasivyokuwa na mwisho. Kila nilipomaliza aliuliza, "Eti ng'ambo huoni kabisa?"

Baba alitupa sheria moja. "Kwenye ubao, uongo ruksa. Nje ya ubao, nitakayemkamata atanitambua." Lakini sisi tulikuwa na sheria yetu ambayo hata yeye hakuijua. Wazazi wetu walisaidiana kupura ulezi: ukija kwangu leo, kesho nakuja kwako, na aliyekula msaada wa watu kisha akajificha alisemwa mpaka aone aibu kupita njiani. Tukaihamishia desturi hiyo pale uani. Mtu akikujazia beseni lako nawe ukakubali, humshambulii siku hiyo. Maneno tuliyakana bila haya, tena kwa kuapa. Beseni hakuna aliyewahi kulikana.

Siku moja, likizo ikielekea ukingoni, Shija alikuja asubuhi na mapema, akaketi karibu nami kwenye turubai.

"Ade, lete beseni lako."

"Mbona lako hujaligusa?"

"Langu baadaye, mama yako hajaniona. Leo niachie Kirando mpaka mwisho. Kesho tunahama, baba amepata malisho kule bondeni."

Nilimpa beseni. Alipukuchua upesi, kichwa ameinamisha, na lilipojaa akalisawazisha juu kwa kiganja. Mimi muda wote nilikuwa nalia moyoni, nasema kweli. Lakini nilikuwa pia mtoto ambaye hakuwahi kushinda ule mchezo hata mara moja. Ilipofika zamu ya mwisho nilibakiza mji mmoja tu nishinde, na Prosper akanivuta nyuma ya kihenge.

"Chukua Kirando."

"Amenijazia beseni."

"Kesho hayupo. Nani atakukumbusha?"

Niliandika. Bakuli likafunuliwa, Yustina akasoma. Jeshi langu moja lilivuka maji kuingia Kirando. Karatasi ya Shija ilisomwa mwisho: meli ya Kirando inalisaidia jeshi la Mazwi. Meli yake pekee iliyobaki, badala ya kuilinda Kirando, alikuwa ameituma kunilinda mimi.

Prosper alipiga kelele za ushindi. Shija hakulia wala hakunitukana. Aliokota harage lake ubaoni, akalitia kwenye mfuko wa sweta, akasema, "Haya, nimeshatoka." Kisha akarudi kwenye turubai kupukuchua beseni lake, kwa sababu mama alishamwona na beseni tupu. Nilibaki pale ubaoni napongezwa. Kutoka nilipoketi mpaka alipoketi yeye ni hatua kumi, na sikuinuka. Asubuhi nilikwenda Milanzi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa, na uani kulikuwa na samadi mbichi tu.

Sasa naishi mbali na Sumbawanga, na mchezo ule nimeukuta kwenye simu. Nacheza na watu nisiowajua sura. Wananigeuka, nawageuka, na chakula cha jioni kikiwa mezani nimeshawasahau. Nashinda mara nyingi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunifanyia jambo ambalo ningeona haya kulikana.

Mwezi wa saba mwaka huu nilikwenda kumwona mama. Mashine ya kupukuchulia ilikuja mpaka uani, ikanguruma, na kabla chai haijachemka magunia yalikuwa yameshajaa. Mama amezeeka na mikono inamuuma, na alifurahi. Ana haki ya kufurahi. Mimi nilikuwa nimetenga mahindi machache pembeni. Nikatafuta beseni, nikaketi. Kidole gumba kilianza kuuma hata kabla sijafika nusu.

"Mwanangu, si mashine ilikuwepo?"

"Hili ni la Shija, mama."

Hakuuliza Shija yupi. Alilitazama beseni, akanisogezea mahindi mengine kwa mguu.

"Halijajaa hilo," alisema.