Wifi Arudi Kwenye Kanji

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi wa kudarizi. Anatia majina kwenye sare za shule, kwenye mashuka, na kwenye mataulo ya watu wanaoogopa kuibiwa. Zamani alikuwa akisoma Kijapani jioni katika ukumbi wa maktaba. Akafika darasa la pili, kisha pacha wakaingia duniani na kanji zikaingia kabatini. Kanji ndizo zile herufi za Kijapani, kila moja kama kijumba kilichojaa vijiti.

Sasa pacha wanajifunga viatu wenyewe, naye akatangaza kwamba anarudi. Nikamwambia miaka minane si kikombe cha maji, labda aanze mwanzo. Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Darasa la kwanza yumo binti yangu, na kutwa kucha shangazi mtu humtambia kwamba Kijapani yeye alishakimaliza. Akae naye benchi moja? Afadhali auze cherehani.

Mwalimu, mama wa Kijapani mpole asiyepitwa na kitu, akamwambia aje apimwe ubaoni. Akiweza, ataingia la pili.

Basi wifi akajifunza kwa njia anayoijua. Kalamu hakushika. Alichukua vitambaa vilivyobaki, akazidarizi kanji kwa cherehani, moja baada ya nyingine. Na mdarizi hakati uzi ovyo: akimaliza mstari mmoja huvuka hadi wa pili bila kukata uzi, halafu mwishoni hukata nyuzi za katikati kwa mkasi mdogo. Zilitoka nzuri mno. Mimi nisiyejua hata moja nilimwomba ya kuweka kwenye mto.

Siku yenyewe nikamsindikiza. Wanafunzi wa madarasa yote mawili walikuwepo, binti yangu benchi la mbele. Wifi akaonyeshwa neno, akalisoma. Jingine, akalisoma. Kichwa kikaanza kunivimba kwa niaba yake. Kisha akaambiwa aandike mvua. Ndani ya herufi hiyo mna matone manne, kila tone huandikwa peke yake. Wifi akaweka chaki ubaoni na hakuinyanyua tena. Akapanda, akashuka, akazunguka, matone yakatoka yameshikana kama nguo kwenye kamba. Alipomaliza akalowesha kidole kwa mate, akafuta vimistari vya katikati kimoja kimoja, akapuliza vumbi, akarudi nyuma kutazama kazi yake. Kwa macho, haikuwa na kasoro.

Mwalimu alifunika mdomo kwanza. Halafu akasema, kwa upole ule unaouma, "Kusoma unasoma, mama. Kuandika, unashona."

Darasa la kwanza, basi. Ukumbi ulikuwa umejaa vicheko vilivyobanwa, na mabega ya binti yangu yalikuwa yakitikisika. Nikamnong'oneza wifi twende zetu, nyumbani tutasema kichwa kilimuuma. Akautazama mlango, na akautazama sana. Nami nilijua akitoka hapo, hizo kanji ndiyo basi tena.

Akajipangusa chaki kwenye gauni, akaenda moja kwa moja hadi kwa binti yangu.

"Sogea huko," akamwambia. "Ukimaliza kucheka, nionyeshe chaki inanyanyuliwa wapi."