Mgeni Aliyeshika Jembe Siku ya Kwanza

Mama mkwe wangu alishuka kwenye bajaji Ijumaa jioni na mfuko mmoja wa salfeti, kuku aliyefungwa miguu, na khanga aliyoivuta usoni mpaka nikaona kidevu tu. Nilikuwa nafunga geti. Nikafanya kama mila inavyotaka: nikageuka, nikainama, nikauambia ukuta, "Shikamoo, mama." Naye akauambia ukuta wa upande wake, "Marahaba, baba." Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi ili apite.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa kati. Ni heshima, na mimi naishika. Miaka yote ya ndoa yangu, mtu angeniuliza mama huyu anafananaje, ningemwambia ana miguu mipana na sauti nzuri ya kwaya. Uso wake sikuujua.

Tulipomaliza kula, mke wangu akaja kukaa karibu yangu. Hiyo peke yake ilinitia wasiwasi.

"Mume wangu, mama anaomba akae hapa."

"Akae mpaka lini?"

"Akae tu."

Nikamuuliza mama amekosana na nani huko kwao. Mwanamke mwenye nyumba yake, kisima chake na shamba lake la karanga upande wa Igunga haamki tu akapanda basi na kuku. Akasema ni upweke, tangu baba afariki nyumba imekuwa kubwa. Lakini mke wangu akisema uongo huwa anasokota pindo la khanga, na jioni ile alilisokota mpaka likawa kamba. Nikamwambia nitatoa jibu Jumapili baada ya ibada. Akainamisha kichwa. Niliona jinsi alivyolitaka jibu hilo, na bado sikulitoa.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Nyanya sokoni naigeuza pande zote kabla ya kuuliza bei. Mtungi wa gesi nauinua na kuutikisa mbele ya muuzaji, anune asinune. Marehemu mama yangu alikuwa akinitania kwamba nilichelewa kuzaliwa kwa sababu nilikuwa kwanza namkagua mkunga. Tena tunaishi Itetemia, si mbali na ilikopita njia ya zamani ya misafara. Sisi watu wa Tabora tumeona wapitaji tangu enzi za mababu. Anayeuliza njia tunampa maji, lakini anayetua mzigo tunataka kujua kuna nini ndani yake.

Jumamosi alfajiri nikasikia mtu analima. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, ardhi ilikuwa laini, na sauti ya jembe ilikuja mpaka kitandani. Nikachungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa kwenye pembe ya uwanja, amenipa ubavu, khanga imemshuka mpaka puani. Ameshapiga matuta mawili. Akachutama, akafungua fundo la kitambaa, akachukua kitu, akakifukia kwenye tuta la kwanza, akashindilia kwa kiganja. Huku anafanya hivyo midomo yake ilikuwa inanong'ona.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walikuwa wanamsema mgeni mvivu. Hawakutuachia neno lolote juu ya mgeni anayelichukua jembe mwenyewe kabla hata hajanywa chai.

"Mama yako anafukia nini?" nikamuuliza mke wangu.

"Mbegu."

"Mbegu zinanong'onezwa?"

"Anasali. Wewe hujawahi kuona mtu anasali?"

Asubuhi ile nilikuwa nimepanga kukaza nyaya za uzio na kuziba bati la choo linalovuja. Nikayafanya yote mawili, lakini kwa jicho moja. Mke wangu alikuwa anafua, mama mkwe anapalilia mchicha wangu, na alipalilia vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Kila nilipohamia upande mmoja wa nyumba yeye alihamia mwingine, kwa ajili ya ile heshima yetu, kwa hiyo tulizungukana asubuhi nzima mithili ya jogoo wawili.

Kisha ikaja habari ya kuni. Mama alitaka kupika mlenda nje, kwenye mafiga, kwa kuni. Mke wangu akatoka mbio na mapovu mikononi.

"Mama, kuni hapana! Nimekwambia, hapa utapika kwa gesi."

"Gesi naiogopa."

"Basi nitapika mimi. Kuni hapana."

Mke wangu huyu huyu ndiye hunisumbua kwamba maharage ya gesi hayana ladha. Nikajiuliza moto wa kuni una nini. Mlenda ulipoiva, umeungwa kwa karanga, pamoja na matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo mama alitoka navyo kijijini, nililetewa sahani yangu sebuleni. Nilisubiri mke wangu ale kwanza. Akaniona ninavyosubiri. Akachota kijiko kikubwa kwenye sahani yangu, akakimeza huku ananitazama, akaenda zake. Chakula kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe ukanikera.

Alasiri tukaenda mjini kwenye mitumba. Ulikuwa umefunguliwa mzigo mpya na watu walikuwa wameinama juu ya turubai, wauzaji wanaimba bei ya kutupa, bei ya kutupa. Nikapata suruali ya kitambaa kizito, nikaikagua zipu, mifuko, mpaka mshono wa ndani, nikaibishania hadi muuzaji akasema bora anipe bure apumzike. Mke wangu alichagua blanketi. Katika kubisha bei mimi ni mwanafunzi wake: huliacha blanketi, huenda, hurudi, hulinusa, huguna. Siku ile alilipa haraka haraka akapita. Nikamkuta kwenye meza ya mikanda na saa mbovu, anajaribu miwani ya jua, ile myeusi mikubwa inayofunika mpaka nyusi.

"Ya nani?"

"Ya mama."

"Mama anakwenda ufukweni?"

Hakucheka. Aliichukua kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mwanamke asiyebisha bei ana jambo kubwa kichwani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria ile pembe ya uwanja.

Jioni mama alikuwa ameshavaa miwani. Aliivaa akichambua mchele, akaivaa na giza lilipoingia. Nilimwona kwa pembeni, nikatazama chini, kwa heshima na kwa hofu. Sitaficha, nilimwogopa yule mama.

Jumapili akasema mguu unamuuma, hatakwenda kanisani. Mwanakwaya, asiende kanisani? Mimi na mke wangu tukaenda. Mahubiri sikuyasikia. Wimbo wa kutoa sadaka ulipoanza, mke wangu yuko mbele na kwaya, nikachomoka kwa mlango wa pembeni nikapanda bodaboda mpaka nyumbani.

Uwanja ulikuwa kimya. Mlango wa chumba cha mgeni umefungwa. Nikachukua jembe, nikaenda kwenye tuta la kwanza nikiwa na suruali yangu mpya, nikachimba pale pale nilipoona kiganja kikishindilia. Nikakuta mbegu za maboga, zimevimba kwa unyevu. Nikaziweka kando. Sikuridhika, nikachimba chini yake. Nikakuta samadi. Nikachimba chini ya samadi.

"Chimba tu, baba."

Nikainua kichwa kabla ya kukumbuka mila. Alikuwa amesimama hatua chache mbele yangu, bila miwani, bila khanga usoni, ananitazama. Hapo nikauona uso wa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa mke wangu aliyezeeka. Na macho yalikuwa mekundu, mekundu kabisa mpaka kwenye kope. Kwetu huku hakuna asiyejua bibi kizee mwenye macho kama hayo huitwa mchawi, wala hakuna asiyejua kwamba hufuatwa usiku kwa mapanga.

"Haya ni moshi," akasema. "Nimepuliza moto wa kuni tangu niko msichana. Watoto wangu wote wamekula kwa macho haya, na huyo uliyemuoa. Kule wakaniambia siyo moshi."

Nilikuwa bado nimeshika jembe.

"Ng'ombe wa shemeji yangu alikufa. Wakaja vijana kuchimba bustani yangu, kama wewe hapo. Hawakukuta kitu." Sauti yake haikupanda. "Wakaondoka wakisema nimehamisha. Usiku huo nikalala kwa jirani, asubuhi nikapanda basi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilitaka ardhi ile ile niliyoichimba inimeze. Geti likagonga, mke wangu akaingia na kitabu chake cha nyimbo mkononi. Akaniona mimi, akaliona shimo, akamwona mama yake hana miwani. Akakaa chini kwenye ngazi ya mlango.

Nikamgeukia yeye, maana kumjibu mama moja kwa moja nilishindwa. "Mwambie mama akae. Hapa ni kwake. Akae mpaka achoke mwenyewe."

Mke wangu akageuka kumwambia, kana kwamba hakuwa amesikia. Mama naye akaurudia utaratibu wetu. Alivuta khanga usoni, akamwambia binti yake, "Mwambie nimeshukuru. Halafu muulize kama amemaliza kuchimba, nizirudishe mbegu zangu kwenye tuta."

Nikasema nimemaliza. Nikaweka jembe chini, nikajipangusa magoti. Lakini jicho langu, Mungu anisamehe, lilikuwa limeshakwenda kwenye tuta la pili.