Matunda Niliyomwandikia Mama Kananu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki moja ya kisukari mjini Embu, Afisa Lishe Mkuu alinipa bango la matunda na kuniagiza niwasomee wagonjwa.

"Ushahidi wake uko wapi?" nikauliza.

"Ni foleni hiyo hapo nje. Keti ufanye kazi, msomi."

Niliketi, lakini nilisoma tafiti hadi nikajiridhisha. Nyuzinyuzi, yaani sehemu ya tunda ambayo tumbo haliwezi kuisaga, husaidia kweli. Aina moja huvimba ikawa kama uji mzito, na sukari ikaingia damuni polepole. Uji huohuo hutoka na nyongo, na ini hulazimika kutumia lehemu, yale mafuta ya damuni, kutengeneza nyongo nyingine. Hazichukui nafasi ya dawa, ila zina kazi yake. Basi kila mgonjwa nikamwandikia: matunda kila siku.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa zahanati moja upande wa Muthara, chini ya Muuguzi Mkuu, mama asiye na haraka. Huko nilimpata Mama Kananu, msomaji wa neno kanisani kwao. Kisukari kilikuwa kimeanza kugusa macho yake, naye alitaka jambo moja tu: aendelee kusoma. Kila mwezi alikuja na mke wa mwanawe, Makena, na kila mwezi sukari ilikuwa imepanda.

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Na matunda?"

"Asubuhi na jioni, daktari. Huyu Makena hanikosesi."

Sikumwamini. Kwenye faili niliandika: hafuati ushauri. Muuguzi Mkuu alisoma, akaguna.

"Kwani umefika kwake ukaona?"

"Namba hazidanganyi, sista."

"Namba hazipiki."

Nilifika kwake alipokosa kliniki mara mbili. Makena alinipokea kwa jagi la juisi ya maembe na mapera, nyepesi kama chai. Kando palikuwa na karai la machicha.

"Hii ndiyo mama anakunywa?"

"Hii hii. Sukari siweki hata chembe. Halafu mtu mzima utampaje machicha, daktari? Hayo ni ya mbuzi. Wenzangu huchuja mara moja, mimi mara mbili."

Zile nyuzinyuzi zote zilikuwa kwenye karai. Mama Kananu alikuwa ameketi mlangoni, Biblia imefungwa mapajani.

"Herufi zimeenda," akaniambia. "Siku hizi Makena ndiye ananisomea."

Siwezi kuthibitisha kwamba ni juisi iliyomaliza macho yake. Ugonjwa huo una njia nyingi. Hoja hiyo ni sahihi, na hainisaidii.

Niliacha kazi nikiwa na miaka thelathini na moja. Marafiki zangu pale Makutano huniita mstaafu. Wewe unayeanza, usiishie kuuliza kama mgonjwa anakula tunda. Uliza linaandaliwaje, na nani, na kwa nini. Mimi nilihoji bango, nikahoji wakubwa, nikahoji vitabu. Mama Kananu nilimhoji kama mshukiwa.

Siku ile, baada ya kumweleza Makena kuhusu machicha, alinisindikiza hadi langoni. Kisha akasema, "Kwa hivyo ni mimi."

Jibu lilikuwa rahisi: hapana, ni mimi, sikuwahi kukuuliza. Lakini niliangalia barabara kwanza, nikiwaza nilichoandika kwenye faili. Nilipogeuka kumjibu, alikuwa ameshaitwa ndani akamsomee mama.