Kidonge cha Daku

Cheti cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa mzee kuliko mwalimu mkuu pamoja na shule yenyewe. Kikanipa kazi ya kumwendesha Dokta, mama bingwa wa magonjwa ya ubongo aliyeacha kufundisha chuo kikuu Dar, akaja Mtwara kumfundisha kila mwenye masikio: wauguzi, walimu, wakulima wa korosho. Wakubwa maofisini walikuwa wakijificha chini ya meza wakisikia gari letu, maana alidai dawa za kifafa zisikatike zahanati, na hakuondoka bila jibu. Mimi nilishika usukani na kumtafsiria Kimakonde.

Ramadhani iliyopita mdogo wangu wa kike alianguka mtoni akiosha vyombo. Alikuwa na kifafa. Aliambiwa ameze kidonge kila siku asubuhi baada ya chai. Sasa Ramadhani chai ya asubuhi iko wapi? Akaviweka vidonge kabatini, vingoje Idi.

Tukazika. Mimi ninayelia kwenye harusi za nisiowajua mpaka maharusi wakalowa, sikutoa tone. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, basi. Dokta alikuja matangani, akakaa mkekani. Tangu hapo hajasema tena "baada ya chai".

Shaaban hii tukaenda kijiji cha Mahurunga. Kwenye ukumbi wa zahanati mama mmoja alikuja na binti yake mwenye kifafa.

"Mfungo ukiingia, dawa tunazipumzisha," alisema.

"Na kifafa nacho kinafunga?" jirani yake akamchokoza. Watu wakacheka.

Nikamtafsiria Dokta. Akasema kidonge kinaweza kumezwa wakati wa daku. Nikaeleza. Yule mama akanikazia macho.

"Wewe kaka wa gari, hayo unayajua au unayabeba tu?"

Dokta hajawahi kuniomba nimtaje marehemu. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ile ninayotangazia pancha:

"Mdogo wangu alizipumzisha. Tulimtoa majini, amekufa."

Yule mama akamvuta binti yake karibu.

"Pole, kaka."

"Tushapoa. Daku mnakula nini?"

"Muhogo."

"Basi kidonge na muhogo, kila daku."

Mama akamgeukia binti. "Umesikia? Usipoamka nakumwagia maji."

"Mama, si mimi ndiye ninayekuamsha?"

Wakacheka tena. Nami nikacheka, mdomo tu.

"Amekubali?" Dokta akauliza.

"Amekubali. Nimemwambia habari za mdogo wangu."

Akanyoosha mkono apewe funguo. Dokta anaendesha kama anayefukuzwa na simba saba, lakini nikampa. Nikakaa upande wa abiria, mikono magotini, nikiitazama kama itatetemeka. Mpaka tunaingia mjini, haikutetemeka.